Unapanga Kuenda Mlima Kenya? Amua Kwanza Utalala Upande Gani

Kila mbogi iko na ule msee mmoja hutupa picha ya Mlima Kenya kwa grupu ya WhatsApp saa nne usiku na kuuliza, "Wasee, lini?" Watu wote wanajibu na emoji ya moto. Kufika asubuhi, kuna mtu ashaona nyumba fiti ya mbao Nanyuki, iko na bafu ya nje na mahali pa kuota moto, bei si mbaya, na doo ya kwanza inatumwa. Hapo ndipo mpango huanza kwenda mrama, juu hakuna mtu ameuliza hiyo nyumba iko upande gani wa mlima, na mnaenda kufanya nini huko.

Mlima Kenya si mahali pamoja. Ni kitu kikubwa cha mviringo, na barabara ya lami inauzunguka kwa chini: Karatina, Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Chogoria, Chuka, Embu. Hakuna barabara inayokatiza katikati. Ukilala Nanyuki na unataka kuona maporomoko ya Nithi, ambayo yako upande wa Chogoria, itabidi uzunguke kupitia Meru na siku yako imeisha kwa gari. Kwa hivyo chagua upande kwanza. Nyumba inafuata.

Upande wa Nanyuki

Huu ndio upande wa watu wengi, na kuna sababu. Nanyuki iko kama kilomita 200 kutoka Kanairo, lami safi mpaka mwisho, na mat za kwenda huko unazipata pande za River Road kutoka alfajiri. Kuna pia treni ya reli ya zamani iliyorudishwa mwaka 2020. Ni ya polepole na ni raha yake, lakini haitembei kila siku, so cheki ratiba kabla hujaambia watu.

Mji wenyewe uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Nairobi. Mwili wako hautasikia tofauti kubwa, isipokuwa baridi ya usiku. Keja ziko za kila aina, kutoka vyumba vya mjini vya bei ya mwanafunzi mpaka zile lodge ambazo ukisikia bei unajifanya umepotea simu.

Ka hupangi kufika kileleni, Nanyuki ndio base yako. Ol Pejeta iko karibu, na huko ndiko wako Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wote wa kike. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Ndani ya Ol Pejeta kuna pia hifadhi ya sokwe, na hiyo ni moja tu Kenya nzima. Siku ya pili mnaweza kwenda msitu wa Ngare Ndare, pande za Timau, mtembee kwa ile njia ya kuning'inia katikati ya vilele vya miti, karibu mita 450, alafu mshuke kwa vidimbwi vya maji ya bluu. Hayo maji ni baridi, manze. Wale hujirusha ndani kwa video huwa hawaweki ile sehemu ya kutoka.

Ukitaka historia, kuna mapango ya Mau Mau msituni pande za mto Burguret, ambako wapiganaji walijificha miaka ya 1950. Usiende bila mtu wa kukuelekeza, juu ndovu na nyati ni wa ukweli kwa huo msitu.

Na pale kwa bango la ikweta utapata jamaa na karai la maji, akikuonyesha vile maji yanazunguka kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine. Mpe doo yake, ni msanii. Lakini mzunguko wa dunia hauwezi kuamua maji ya karai yazunguke wapi. Anayeamua ni yeye, na vile anavyomwaga.

Jambo moja kuhusu chumba: kutoka Nanyuki, kilele kiko kusini-mashariki. Ukiuliza tu "iko na view?" utaambiwa ndio, alafu uamke uone parking. Uliza dirisha linaangalia wapi. Na uamke mapema, kwa sababu siku nyingi mawingu hufunika mlima kabla ya saa nne asubuhi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya mlima, so utaona kivuli chake cheusi. Rangi za mwamba zinatokea jioni, mawingu yakifunguka. Upande wa Chogoria ni kinyume, jua la asubuhi linapiga kilele moja kwa moja.

Upande wa Chogoria

Hapa ndipo penye urembo, na sisemi hivyo kwa kuonea Nanyuki. Unapitia Embu na Chuka, unafika mji mdogo wa Chogoria, alafu kuna kama kilomita 30 za barabara ya udongo kupitia msitu wa mianzi mpaka lango la hifadhi. Hiyo barabara ikinyesha ni noma. Probox ya beshte yako haitafika, hata akisema imefika mahali pabaya zaidi. Panga gari la kupanda milima au pikipiki ya wenyeji, na mkubaliane bei kabla ya begi kupanda.

Karibu na lango kuna banda za kulala, nyumba ndogo za mbao zenye mahali pa moto. Uko tayari karibu mita 3,000, so usishangae kichwa kikigonga kidogo usiku wa kwanza. Kutoka hapo kuna maporomoko ya Nithi, kuna Ziwa Ellis ambalo watu huweka tenti kando yake, na wenye nguvu wanapanda zaidi waone Ziwa Michaelson likiwa chini ya ukuta wa mwamba. Huwezi kuamini ni Kenya. Wikendi ya siku tatu ya kulala kwa banda na kutembea mchana tu, bila hata kuwaza Lenana, ni likizo kamili.

Shida ya Chogoria ni kwamba ukipita banda, juu hakuna nyumba ya maana ya kulala. Ni tenti. Wasee wa kulia kuhusu baridi wakae Nanyuki.

Naro Moru, kwa ufupi

Naro Moru ndio njia fupi kwenda juu na kwa hivyo mara nyingi ndio inauzwa bei ya chini. Kituo cha kwanza, Met Station, kiko mita 3,050. Cha pili, Mackinder's, kiko karibu 4,200. Katikati kuna kinamasi cha mteremko ambacho kitakula viatu vyako. Ni njia sawa kwa mtu aliyezoea milima. Kwa mbogi ya kwanza kabisa, mimi ningeiacha, na sababu iko hapa chini.

Ukitaka kufika Lenana

Mlima uko na vilele vitatu vya kutajwa. Batian ni mita 5,199 na Nelion ni 5,188, na hivyo viwili ni vya watu wa kamba na vyuma. Chako wewe ni Lenana, mita 4,985, ambacho unafika kwa miguu yako. Kisoi Munyao ndiye alipeleka bendera ya Kenya juu ya mlima huu usiku wa uhuru, Desemba 1963, so usiseme haiwezekani.

Lakini sikia hii vizuri. Pale Lenana, hewa unayovuta iko na karibu nusu tu ya oksijeni uliyozoea Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda, na muda wenyewe unahesabiwa kwa usiku: ulilala urefu gani leo, na utalala urefu gani kesho. Ndio maana swali la mahali pa kulala si la starehe tu. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine, na uweke siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne.

Sasa chukua hiyo sheria uiweke kwa njia ya Sirimon, ile ya upande wa Nanyuki. Lango liko mita 2,650. Kambi ya Old Moses iko 3,300. Kambi ya Shipton's iko 4,200. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa siku moja, karibu mara mbili ya ile wanashauri. Na ile safari ya siku tatu ya Naro Moru inafanya zaidi ya hapo: 3,050, kesho yake 4,200, alafu saa nane usiku unaamshwa uanze kupanda kilele.

Watu wengi humaliza hiyo safari wakiwa sawa. Wengine hutapika njia nzima. Na kuna wale hubebwa kushuka.

Dawa ya hiyo shida ni kuongeza usiku, na ni rahisi kuliko unavyofikiria. Lala usiku wa kwanza kwa lango la Sirimon, KWS wako na banda hapo, badala ya kulala Nanyuki kwa ile nyumba ya bafu ya nje. Usiku wa pili Old Moses. Kesho yake, ka uko na siku ya ziada, panda kidogo juu ya Old Moses mchana alafu urudi kulala hapo hapo. Kisha Shipton's, na ikiwezekana usiku mbili. Bei inaongezeka, ndio. Ada ya hifadhi inahesabiwa kwa siku, mwelekezi analipwa kwa siku, chakula pia. Ikiwa doo haitoshi kwa siku tano, fanya siku mbili za kufika Old Moses na kurudi, uweke akiba ya mwaka ujao. Hiyo ni bora kuliko kubana Lenana kwa siku tatu.

Dalili za kujua: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kukataa. Ukiwa na hizo, usipande zaidi mpaka ziishe. Zikizidi, shuka. Mtu akianza kuyumba ka mlevi, kuongea mambo hayaeleweki, au kuhema akiwa ameketi tu na kukohoa povu, huyo anashushwa saa hiyo hiyo, hata ka ni usiku na hata ka kilele kinaonekana. Hakuna kungoja asubuhi. Usikubali msee yeyote kwa mbogi akuambie ni uchovu tu, na wewe usifiche dalili juu hutaki kuharibia wengine picha.

Kuna vidonge vya kusaidia mwili kuzoea urefu, lakini hiyo ni story ya daktari kabla ya safari, hasa ka uko na ugonjwa wowote. Pombe iache chini. Sherehe ya Nanyuki ni tamu zaidi mkirudi.

Malipo, na pale watu huchomeka

Kuna kitu kinachanganya wengi: ada ya kuingia hifadhini na kitanda cha kambi ni malipo mawili tofauti. Ada ya KWS unalipa kwa eCitizen, na langoni hawapokei noti. Ibebe kitambulisho ndio ulipe bei ya Mkenya. Lakini kitanda cha Old Moses au Shipton's si cha KWS, kinasimamiwa na watu binafsi na unalipia kando. Msee akikuambia "bei ni hii, kila kitu ndani", muulize akutajie kila kitu ni nini: ada za siku ngapi, kitanda au tenti, chakula mara ngapi, mpagazi wa nani, gari mpaka langoni au mpaka mjini tu. Bei ya chini mara nyingi huwa imeacha moja ya hizo nje, na utaijua ukiwa mita 3,000.

Kupanda peke yako hairuhusiwi, so usiwaze hiyo. Mwelekezi awe na kitambulisho cha KWS, na aonyeshe kabla hujatuma doo. Akitaka malipo yote mapema kwa namba ya mtu mwingine kabisa, hiyo ni rada mbaya. Na swali la kumpima: "Mmoja wetu akiugua usiku Shipton's, mnafanya nini?" Mtu wa kazi atakujibu bila kufikiria, nani anashuka naye, kwa njia gani, gari linangoja wapi. Yule mwingine atakuambia usijali.

Nguo, wakati na lile gari

Miezi mizuri ni Januari na Februari, alafu Julai mpaka Septemba. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, na kuanzia Oktoba mpaka Desemba inanyesha tena. Ndio, najua, Januari ni Njaanuary. Anza kuweka akiba Septemba.

Kambi za juu huganda usiku. Shipton's ikiwa mbaya, maji kwa chupa yanageuka barafu. Huhitaji kununua duka la Westlands, Gikosh na Toi ziko na jaketi za theluji za mitumba zenye ubora kuliko mpya. Tafuta suruali mbili za ndani, glavu, marvin, soksi nzito na koti la mvua la ukweli. Jeans iache nyumbani, ikilowa haikauki. Mfuko mzito wa kulalia unaweza kukodisha. Tochi ya kichwa ni lazima, juu kilele kinaanzwa gizani. Usitegemee kuchaji simu huko, na network inakuja ikienda. Na chakula kifunge vizuri, wale pimbi wa kambini wamezoea watu na hawana aibu.

Kuna mpango mmoja wengi hupenda: kupanda na Sirimon, kushuka na Chogoria. Ni njia safi zaidi ya kuona mlima wote. Lakini fikiria gari. Ukiliacha Nanyuki, utashuka Chogoria ukiwa umechoka, na gari liko upande wa pili wa mlima. Kwa safari hiyo, panda mat kwenda na mat kurudi, ama umpe dereva gari alizungushe kupitia Meru. Usiku wa mwisho lala kwa zile banda za langoni au Chogoria mjini, sio Nanyuki, hata ka kuna beshte anawangoja huko.

Na ukikosa muda wa kujiandaa vizuri, kumbuka Felice Benuzzi. Mwaka 1943 alikuwa mfungwa Mwitaliano kwa kambi ya Waingereza Nanyuki, akauona mlima kila siku mpaka akashindwa kuvumilia. Yeye na wenzake wawili wakatoroka, wakapanda bila ramani, wakitumia picha ya mlima iliyokuwa kwa karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili kati yao walifika Lenana, alafu wote watatu wakarudi kambini wenyewe na kujisalimisha. Hata hao walitumia miezi kupanga, wakashona nguo zao za baridi kwa siri na kuficha chakula kidogo kidogo.

So kabla mtu atume doo ya ile nyumba ya mbao, weka maswali matatu kwa grupu. Ni Lenana ama ni kutembea tu? Tuko na usiku ngapi kamili, bila kuhesabu ule wa Ijumaa mtafika saa tano? Na kuna mtu hajawahi kulala juu ya mita 3,000? Wakijibu, upande utajulikana wenyewe, na hapo sasa mnaweza kubishana kuhusu bafu ya nje.